Basi la Kwenda Haubi

Bi. Rukia alikata roho alasiri, wakati mkazamwana wake Batuli amesimama juu ya benchi la mama lishe akiomba kura. Ilikuwa siku ya mwisho ya kampeni za serikali za mitaa, na kiwanja cha Relini, upande wa Ihumwa, kilijaa kuliko siku zote, maana hata wasiojali siasa walitoka kumwona mwanamke anayetaka kumng'oa Elieza. Batuli alikuwa muuza mafuta ya alizeti kwenye baraza ya nyumba yake. Hakuwa msemaji wa kupamba maneno. Alikuwa na jambo moja tu, na alilisema kila jioni bila kulibadilisha: makaburi ya mtaa yasipimwe viwanja.

Asiyeijua Dodoma ya siku hizi atashangaa jambo kama hilo liwe la kugombania. Lakini tangu Serikali ihamie huku, kila kipande cha ardhi kimepata mnunuzi, hata vile ambavyo zamani mbuzi tu ndio waliovitaka. Elieza, mwenyekiti wa mtaa kwa vipindi viwili, aliitisha mkutano asubuhi ya siku ya kazi, watu wakaja wachache, akawatangazia kwamba makaburi yamejaa na yafungwe, eneo litapangiwa matumizi mengine. Matumizi gani, hakusema. Kila mtu aliyepita njia ile aliona nusu ya eneo bado ni majani matupu. Wapimaji walishapita mara moja na vyombo vyao vya miguu mitatu, wakaondoka bila kumsalimu mtu.

Batuli alikuwa ametoka kuwachekesha watu. Alikuwa amewaambia kwamba Elieza akipewa kipindi cha tatu, wafu wa Relini wataanza kudaiwa kodi ya pango. Watu walikuwa bado wanacheka alipomwona mumewe nyuma ya umati. Mbwana hakuwa mtu wa mikutano. Alikuwa fundi wa mashine ya kukamua alizeti, na tangu mkewe aingie kwenye uchaguzi alikuwa hajasogea karibu na kiwanja hata siku moja. Sasa alikuwa amesimama pale na nguo za kazi, kofia yake ameishika mkononi. Hakumpungia wala kumwita. Alisimama tu akimtazama, akingoja amalize.

Batuli alielewa. Aliwaambia watu, "Nimefiwa. Naomba mnisamehe," akashuka kwenye benchi. Kicheko kilikatika. Kabla ya magharibi ilikuwa imeshazungumzwa upande wa Elieza kwamba yule mama aliishiwa maneno akatafuta pa kutokea, na waliosikia baadaye kuwa msiba ni wa kweli hawakurudi kusahihisha.

*

Nyumba ilijaa upesi. Wanawake waliondoa viti, wakatandika mikeka, wakawasha moto uani. Bi. Rukia alilazwa chumbani kwake, amefunikwa kanga yake ya siku zote. Batuli alikaa miguuni pake akalia kwa sauti, kwa sababu alikuwa anampenda. Wengine hulia misibani kwa ajili ya wanaotazama. Yeye alimlilia mwanamke aliyemfundisha kupima mafuta bila kumwaga, aliyemlelea binti yake Naima mpaka Naima akaolewa Chemba, na ambaye katika mwaka mzima wa kuugua hakuwahi kumwita kwa ukali.

Kulikuwa na ahadi. Miezi kadhaa nyuma, Bi. Rukia alimshika mkono akamwambia asimwache kwenye tambarare hii. Alitaka kulala Haubi, kule milimani Kondoa, kwenye shamba la familia, kando ya mumewe. Akaongeza, "Usimtume mtu. Wanangu wa kiume watachimba. Wewe ndiye unipeleke, unifikishe." Batuli alikubali. Wakati ule uchaguzi ulikuwa mbali, na hakuna aliyefikiri mambo hayo mawili yangeweza kukutana siku moja.

Wilbert, katibu wa tawi la chama chake, alikuja kutoa pole jua likielekea kuzama. Alikuwa mwalimu wa shule ya binafsi, kijana mpole, mwepesi wa kuona njia. Alikaa na Mbwana na Batuli kwenye kibaraza cha nyuma, akanyamaza kwa muda unaofaa, kisha akasema lililomleta. Kama kuna uwezekano, mama azikwe hapa hapa kesho asubuhi, kwenye makaburi ya mtaa. Watu watazika, watapiga kura, na pale penye ubishi patakuwa na kaburi bichi ambalo hakuna mpimaji atakayethubutu kulikanyaga.

"Sisemi kwa ubaya, mama," alisema. "Nasema kwa sababu ndicho tunachokipigania."

Tusimlaumu sana Wilbert. Hakuwa mjinga, na alilosema lilikuwa na maana, ndiyo sababu lilimchoma Batuli. Kwa muda alilifikiria kweli. Aliliona kaburi la mama mkwe wake likisimama kama mlinzi pale makaburini, akajiona mwenyewe akiapishwa. Kisha akaona aibu iliyompandisha joto usoni, akamgeukia mumewe amwokoe. Mbwana alikuwa anatazama chini.

"Mama Naima, mama ni wangu lakini ahadi ulitoa wewe," alisema. "Utakavyosema, ndivyo nitakavyomwambia kaka."

Batuli akasema mama anakwenda Haubi.

Wilbert hakubisha. Aliuliza basi kama yeye Batuli hawezi kubaki, maana hata huko mlimani wanawake hawaendi kaburini, watakaa nyumbani tu. Batuli alimjibu kwamba hakuahidi kwenda kaburini, aliahidi kumfikisha. Ndipo wakapatana jambo la katikati, ambalo jioni ile lilionekana jema kwa wote. Vituo vitafunguliwa saa mbili asubuhi. Basi litangoja. Watu watapiga kura kwanza, kisha msafara utaondoka, na ifikapo swala ya adhuhuri watakuwa Haubi.

Hapa inabidi isemwe habari ya kikundi cha kuzikana, maana shida yote ilianzia humo. Kikundi kilianzishwa na Batuli mwenyewe. Miaka mitatu nyuma, Ursula, jirani wa mlango wa tatu, Mgogo na Mkristo, alifiwa na binti yake Tumsifu, mtoto wa darasa la pili aliyeugua homa siku mbili tu. Ilikuwa msimu wa kilimo, watu wako mashambani, na kaburini walisimama wasiotosha hata kupokezana majembe. Batuli hakuisahau siku ile. Alipita nyumba kwa nyumba, Waislamu na Wakristo, akaunda kikundi, na sharti la kwanza alilitunga yeye: mwanachama akifiwa, popote anapozika, wote wanasindikiza, habaki mtu nyuma. Waliobisha kuwa ni kali aliwauliza kama wangependa kuzika peke yao. Sharti likapita. Wanakikundi hao, pamoja na waume na watoto wao wakubwa, ndio waliokuwa kura za Batuli. Hakuwahonga kitu. Alikuwa amewazikia.

*

Kulipokucha, Bi. Rukia alikuwa ameshaoshwa na kukafiniwa. Jeneza liliingizwa kwenye gari dogo la kubebea mizigo lililofunikwa turubai, na nyuma yake likasimama basi la Coaster ambalo kikundi kilikuwa kimelikodi. Njia ya kutokea mtaani inapita mbele ya shule ya msingi, na shule ndiyo iliyokuwa kituo cha kura. Kwa hiyo waliegesha pale, kando ya uzio wa minyaa, kwa kuwa ndipo palipokuwa karibu. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo.

Mstari ulikuwa mrefu kabla ya saa mbili. Wanawake wa kikundi walikuwa na kanga za msiba, wengine wamebeba sufuria na vifurushi vya mchele wa kwenda kupika. Batuli alisimama pamoja nao, kitambulisho mkononi. Saa mbili ikafika, mlango wa darasa ukabaki umefungwa. Msimamizi wa kituo, kijana mwenye kizibao, alitoka akasema vifaa viko njiani. Baada ya muda akatoka tena akasema yale yale. Kama masanduku yalichelewa kwa uzembe, au kwa pancha, au kwa makusudi, haikujulikana siku ile na haijajulikana mpaka leo. Wanaopenda kuamini makusudi wanaamini, na wasiopenda wanasema ilikuwa pancha.

Jua la mwezi wa kumi na moja halina huruma kwenye uwanda ule. Mvua ilikuwa bado, na vumbi lilikuwa jepesi, linapanda likiguswa na unyayo tu. Batuli alikuwa akitazama turubai la gari dogo. Mbwana alikuwa ameketi mle ndani pembeni ya jeneza, akipepea kwa kipande cha boksi, ingawa aliyekuwa akimpepea hakuhitaji tena upepo. Simu yake ililia mara mbili. Ni Uwesu, kaka yake mkubwa, kutoka Haubi: kaburi liko wazi tangu alfajiri, sheikh ameshafika, mnafanya nini huko?

Ilipokaribia saa nne, wanaume wawili wa upande wa Elieza walimwendea msimamizi, wakazungumza naye kwa sauti ya chini, wakionyesha kwa vidole kule kwenye uzio. Msimamizi akaja. Alimwamkia Batuli shikamoo, akampa pole, na ilionekana wazi kwamba alitamani kazi ile ingekuwa ya mtu mwingine.

"Mama, kuna malalamiko," alisema. "Wanasema kampeni zilikwisha jana. Wanasema mgombea hawezi kuweka maiti hapa kituoni ili watu wamwonee huruma. Naomba gari lisogezwe mbali."

Alisema kwa staha, lakini waliokuwa karibu walisikia, na waliosikia wakawapa wa nyuma. Miaka yote aliyoishi Relini alikuwa ameitwa mengi, mchoyo wa vipimo, mwenye mdomo, mwanamke asiyejua kukaa nyumbani, na yote aliyabeba. Hili la kumfanya mama mkwe wake kuwa bango la kura hakuwa na mahali pa kuliweka. Lilimuuma zaidi kwa sababu jioni iliyopita, kwa muda mfupi, alikuwa ameliwaza jambo lisilo mbali na hilo.

Akamwambia msimamizi kwamba gari litasogea. Kisha akatoka kwenye mstari, akawageukia wenzake, akasema bila kupaza sauti:

"Mimi na baba Naima tunakwenda. Nyinyi bakini. Vifaa vikija pigeni kura. Nawaomba, sharti la kikundi leo nimelifuta mimi niliyelitunga."

Watu walitazamana. Wilbert, aliyekuwa karibu na mlango, aliitikia kwa kichwa kwa nguvu kuunga mkono, akawaambia wasikilize, mama amewaruhusu, watamsaidia zaidi wakibaki. Na pengine wangebaki. Pengine wengi walikuwa wameshaanza kujishawishi, maana jambo lilikuwa na mantiki na jua lilikuwa kali na safari ni ndefu. Lakini Ursula alitoka kwenye mstari. Alikuwa wa pili kutoka mbele. Alikuwa amekuja alfajiri akawahi nafasi ile. Aliinua sufuria yake, akaiweka kichwani.

"Mama Tumsifu, tafadhali," Batuli akamwambia. "Wewe hasa baki. Mtoto wako yuko pale makaburini."

"Najua alipo," Ursula alijibu. "Na wewe ulikuwepo nilipomweka. Bibi huyu ndiye aliyembeba mgongoni mtoto wangu wakati mimi sina maziwa. Nikae hapa, yeye aende peke yake?"

Akaelekea kwenye basi. Aliyefuata alikuwa mzee mmoja wa kanisani kwake, kisha akina mama wawili wa kibaraza cha mboga, kisha mstari ukaanza kupukutika mmoja mmoja. Hawakuwa na shangwe. Baadhi walikuwa wamekunja uso. Walipanda basi kama watu wanaolipa deni, na ukweli ndivyo ilivyokuwa. Batuli alisimama mlangoni akiwashika mikono wapande, na kila aliyemshika alimpa pole ya msiba akapita. Basi lilijaa, wengine wakasimama.

Wilbert alikaa chini kwenye ngazi ya darasa, mikono kichwani.

Walikuwa hawajafika lami walipopishana na gari likija kwa kasi, vumbi nyuma yake, askari mmoja amekaa mbele. Nyuma yalionekana masanduku ya kura. Dereva wa basi alipunguza mwendo, akamtazama Batuli kwenye kioo. Mbele yao gari dogo lenye turubai lilikuwa linazidi kwenda.

"Endesha, baba," Batuli alisema.

*

Walimzika Bi. Rukia baada ya adhuhuri kupita. Uwesu aliwapokea kwa hasira iliyozimika alipoona basi linavyotapika watu. Hakutegemea. Alikuwa ametayarisha chakula cha jamaa wachache, sasa akaona Wagogo, Wakristo, watu asiowajua majina, wanashuka na sufuria zao wenyewe na kuuliza kuni ziko wapi. Alimvuta Mbwana pembeni akamuuliza hawa wote ni wa nani. Mbwana akamwambia ni wa mkewe.

Wanaume walibeba jeneza wakapanda nalo kwenye shamba, mahali palipochimbwa kando ya kaburi la mzee. Wanawake walibaki uani. Kutoka pale mlima unaonekana ulivyokatwa matuta ya mashamba, na upepo wa Haubi ni wa baridi hata mwezi ule. Batuli alisikia sauti za wanaume zikija kwa mbali, kisha zikanyamaza, akajua mama ameteremshwa. Alipumua. Kwa saa moja ile alikuwa na amani kamili, na anaikumbuka mpaka sasa kwa sababu haikudumu.

Simu ya Wilbert ilimkuta wakiwa njiani kurudi, jua limeshuka, basi limepita Kondoa mjini. Alikuwa anazungumza polepole, kama anamsomea mtu jina la marehemu. Vifaa vilifika, watu walipiga kura, vituo vilifungwa saa kumi kama ilivyopangwa, hakuna dakika iliyoongezwa. Elieza ameshinda. Akataja tofauti ya kura, na Batuli hakuhitaji kalamu. Alinyanyua macho akawatazama watu waliolala mabegani mwa wenzao, viti vyote vimejaa na wengine wamekaa kwenye ndoo kwenye ujia. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko abiria wa basi lile.

Mbwana alimuuliza kwa macho. Akatikisa kichwa. Hakuwatangazia wengine. Aliona haki yao ni kulala kwanza.

*

Siku ya tatu ya matanga Elieza alikuja kutoa rambirambi. Alikuja na mfuko wa mchele na wajumbe wake wawili, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani na suruali yake ya kunyooshwa. Hakuwa mtu wa kelele huyu Elieza. Alijua majina ya watoto wa kila mtu na aliuliza habari zao. Aliwapa pole, Mbwana akapokea, watu wakaitikia. Batuli alimletea mgeni wake sinia la chai, akaliweka mbele yake kwa mikono yake mwenyewe, maana nyumba ilikuwa yake na msiba ulikuwa wake, hakuna mwingine wa kumfanyia kazi ile. Wanawake waliokuwa wamekaa ukutani walimtazama jinsi alivyoinama.

Elieza alimshukuru. Akasema uchaguzi umepita, sasa wote ni wamoja. Kisha akauliza mama alizikwa wapi, ingawa mtaa mzima ulijua. Mbwana akamwambia Haubi.

"Mlifanya vizuri," Elieza alisema, akikoroga chai yake. "Nyumbani ni nyumbani. Hapa tungewapa shida tu, eneo lenyewe ndiyo hilo linafungwa."

Hakulisema kwa kejeli, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alilisema kama mtu anayewapongeza wenye busara waliohamisha mali yao kabla ya mafuriko. Batuli alimwona Ursula pembeni ya mlango, sahani mkononi. Ursula hakunyanyua uso. Aliendelea kupangusa sahani ile ile muda mrefu baada ya kukauka.

Ndipo lilipomwingia Batuli kwa uzito wake wote. Mfu wake yuko salama. Yuko kwenye shamba la familia, mlimani, ambako hakuna anayeuza viwanja. Waliompandia basi ndio walioacha wafu wao huku. Kwa wiki nyingi alisimama kwenye benchi akiwaambia atawalinda, na siku ya kuwalinda walikuja wakamsindikiza yeye. Alikwenda jikoni akalia, na waliomsikia walidhani ni kwa ajili ya Bi. Rukia.

*

Tangazo lilibandikwa kabla ya mvua za kwanza. Wenye makaburi wajitokeze, watapewa muda wa kuhamisha mabaki ya ndugu zao. Wasiojitokeza, mabaki yatahamishwa kwa utaratibu mwingine. Kikundi kilikaa vikao. Wilbert aliandika barua mbili, hazikujibiwa, akasema ataandika ya tatu. Batuli alikwenda ofisi ya kata, akakaa kwenye benchi asubuhi nzima, akaambiwa kwa upole kwamba malalamiko ya mtaa hupitia kwa mwenyekiti wa mtaa.

Siku moja asubuhi Ursula alimpitia barazani, akamwomba wafuatane. Batuli alifunika pipa la mafuta akajifunga kanga. Walikwenda mpaka makaburini. Vigingi vilikuwa vimeshapigwa, vya mbao, vichwa vimepakwa rangi nyekundu, vimenyooka mstari kutoka barabarani mpaka kwenye majani. Kimoja kilikuwa kimepigwa miguuni pa kaburi la Tumsifu. Waliokipiga walijitahidi wasikanyage tuta. Alama za viatu zilizunguka pembeni. Msalaba mdogo wa chuma, ambao Mbwana aliuchomelea kwenye karakana ya mashine na kukataa malipo, ulikuwa umesimama vile vile.

Ursula alichuchumaa akang'oa magugu mawili matatu. Batuli alichuchumaa naye. Alikuwa na maneno aliyoyabeba tangu siku ya matanga, akaona kama hatayasema leo hatayasema tena.

"Ungebaki kwenye mstari siku ile," alisema, "wote wangebaki. Nilikuomba. Nakutazama hapa najiona mimi ndiye niliyekipiga kigingi hiki."

Ursula aliendelea kung'oa magugu. Aliyakusanya kwenye kiganja, akayatupa kando ya njia, akajifuta mikono.

"Hata leo ningepanda," alisema. "Usinirudishe kule, mama Naima. Sikuja kukulaumu. Nina neno lingine."

Akasita. Alikuwa mwanamke wa kujieleza moja kwa moja, na kusita kwake kulimtia Batuli hofu. Alitazama msalaba, kisha akatazama kaskazini, upande wa barabara ya Kondoa, ingawa kutoka Relini hakuna mlima unaoonekana, ni uwanda tu na nguzo za umeme.

"Wanasema tutapewa nafasi makaburi ya mbali, huko. Na huko wakipata mnunuzi je? Mtoto nimhamishe mara ngapi? Pale Haubi wanaume waliotoka kaburini walisema pana nafasi. Upande wa chini wa bibi, kabla ya lile tuta la mihogo. Bibi alikuwa akimbeba. Nafasi ile ipo?"

Batuli alimfikiria Uwesu, na sheikh wake, na jamaa wa ukoo ambao hawajawahi kuulizwa jambo kama hilo kuhusu ardhi ya wazee wao, mtoto wa Kigogo na msalaba wake. Alijua vizuri jibu watakalolitoa mwanzo, na alijua atapiga magoti mbele ya nani na kwa muda gani. Safari hii hakuwa na benchi la kusimamia, wala katibu, wala umati. Alikuwa na mwanamke mmoja tu aliyechuchumaa kando yake, mikono ina udongo.

"Ipo," alimwambia.

Wakakaa pale mpaka jua likawa kali. Kisha wakarudi, Batuli akamwomba Mbwana waanze kutafuta basi.